Mshale Uliolala Upande

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, huko Mukuru, nyuma ya kuta za viwanda. Katika safu yetu ya nyumba ni mimi peke yangu niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo watu waliniita Form Four. Barua ya shule ikija, fomu ya hospitali ikija, ililetwa kwangu. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokubali.

Binti yangu alikuwa darasa la sita. Jioni tulikaa mezani na vitabu vyake, na muhula ule walikuwa wakisoma ramani. Nilimweleza kwamba ramani si za aina moja. Kuna ya maumbile ya nchi, yenye milima na mito. Kuna ya kisiasa, yenye mipaka ya nchi na wilaya. Kuna yenye mistari ya kontua, na mistari hiyo ikisongamana ujue mlima ni mkali. Halafu kuna pleni, ambayo huonyesha mahali padogo tu, kuta na njia zake. Yeye naye alinikariria alivyofundishwa: kabla hujasoma chochote ndani ya ramani, tazama kichwa, ufunguo, skeli na dira. Mimi niliviruka hivyo vyote nikaingia katikati. Ramani nilizozizoea shuleni zilikuwa za atlasi, na katika atlasi ile kaskazini ilikuwa juu siku zote.

Kisha tukasikia kwamba bomba kubwa la majitaka litapitishwa kwetu, na nyumba zilizo kwenye njia yake zitabomolewa. Pleni ilibandikwa kwenye ofisi moja, mbali kidogo. Wazee wa mtaa wakanituma nikainakili. Niliomba ruhusa kazini, nikanunua karatasi ya manila, nikachora kila kitu kwa rula: kuta, vichochoro, ukanda wa kubomolewa, hata mshale mdogo wa kaskazini pembeni. Mto unaopita karibu na mtaa wetu haukuwamo, pleni iliishia kabla ya kuufikia. Wala viwanda havikuandikwa majina.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walijaa mlangoni kwangu. Nikaitundika manila ukutani. Ukanda ulikuwa juu.

“Haya, Form Four, tusomee,” fundi wa viatu akasema. “Lakini usituletee Kizungu, tuna njaa.”

Nikawaambia ukanda uko kaskazini, upande wa barabara. Waliokaa kule wakaanza kunong'onezana.

Jirani yetu, mama mjane aliyetoka Kakamega, akasogea mbele. Alifuma sweta za shule kwa mashine, na nusu ya watoto wa mtaa walivaa kazi yake. Nyumba yake iliegemea ukuta wa kiwanda, upande wa magharibi. Mabati yake aliyapata moja moja, miaka mingi.

“Mimi sijui hizi laini,” akasema. “Niambie tu. Ning'oe mabati yangu mapema, ama nikae?”

“Kaa, mama. Wewe huguswi.”

“Baba,” binti yangu akasema, “mshale unaelekea kulia.”

Nikajifanya sikusikia.

“Baba, mwalimu alisema kaskazini ni kule mshale unakoelekea, si lazima iwe juu.”

“Wee, Form Four amepata Form Five,” fundi wa viatu akasema, na watu wakacheka.

Kicheko kile kilinichoma. Nikamwambia mtoto, “Nyamaza. Nenda ukaoshe vyombo.” Akaenda.

Alikuwa amesema kweli. Mtaa wetu ulikuwa mrefu kutoka kusini kwenda kaskazini, na aliyeuchora aliulaza upande ili utoshe kwenye karatasi. Kaskazini ikawa kulia, na juu ikawa magharibi. Mshale ulikuwa pale kutuambia hivyo, na niliuchora kwa mkono wangu mwenyewe. Upande wa barabara familia mbili zilivunja nyumba zao bure. Upande wa ukuta hakuna aliyesogeza hata kiti.

Tingatinga lilikuja Jumatano asubuhi, kando ya ukuta wa kiwanda. Yule mama alikuwa amekwenda soko la Kariokor kupeleka sweta. Tuliwahi kutoa godoro lake na kikapu cha nyuzi, basi. Aliporudi alasiri alikuta mabati yamekunjamana kama karatasi, na mashine ya kufumia chini yake, reli yake imepinda, sindano zimetapakaa kwenye matope.

“Ulisema nikae,” akaniambia. Hakupaza sauti.

“Wamebadilisha pleni, mama. Watu wa ofisi si wa kuaminika.”

Majirani wakaitikia, wakawatukana watu wa ofisi. Binti yangu, aliyekuwa ametoka shuleni, alisimama karibu nami na mkoba begani. Alinitazama, kisha akatazama chini.

Uongo ule naujutia kuliko kosa lenyewe. Kosa nililifanya kwa majivuno na haraka. Uongo niliuchagua.

Jumamosi nilimfuata yule mama kwenye ukumbi wa kanisa, alikokuwa akilala na wengine waliobomolewa. Alikuwa ameketi kando ya mashine yake, akinyoosha sindano moja kwa meno. Nikamwambia hawakubadilisha chochote, nilisoma vibaya.

“Najua,” akasema. “Mtoto wako alikuja jana. Aliniomba msamaha.”

“Yeye? Msamaha wa nini?”

“Kwa sababu alinyamaza.”

Nikasema mimi ndiye niliyemnyamazisha.

“Basi hayo kamwambie yeye,” akasema. “Mimi naenda nyumbani Jumatatu. Mashine hii haifumi tena.”

Jumatatu alipanda basi la Kakamega, na sikupata kumwona tena. Binti yangu nilimwambia jioni ile ile ya Jumamosi, mezani, kwamba alisoma ramani vizuri na mimi vibaya, na kwamba niliwadanganya watu mbele yake.

“Sawa, baba,” akasema, bila kuinua kichwa.

Akafunga kitabu taratibu, akakitia mkobani. Tangu siku hiyo kazi ya shule aliifanyia kwa rafiki yake, safu ya pili kutoka kwetu, hadi alipomaliza darasa la nane.