Karatasi Ndani ya Kofia

Mara ya kwanza nilipotia ile dawa, nilisimama mbele ya kioo nikasahau kupumua. Tone moja kila jicho, na baada ya dakika chache mishipa myekundu ilikuwa imetoweka, weupe umetanda kama shuka iliyotoka kuanikwa. Sikujua mwili waweza kutii upesi hivyo.

Nilikuwa nikimshonea kakangu kofia ya nikaha yake. Kofia ya mkono ina matundu mamia, kila moja limezungushiwa uzi. Sikufundishwa na mtu; nilijifunza kwa kufumua kofia kuukuu ya marehemu babu na kuishona upya. Nakiri, tundu likipinda hata kidogo, nalifumua. Ndiyo maana macho yaliwiva. Mama alikuwa amesema wazi: akiyaona mekundu tena, kofia ataimalizia shangazi wa Bondeni.

Basi nikawa natia dawa asubuhi, kisha na adhuhuri, kisha na alasiri. Kila tone nililiandika saa yake daftarini. Siku ya nane niliamka macho mekundu kuliko mwanzo, nikaenda Makadara kununua chupa ya pili.

Mwenye duka la dawa, mzee wa Kihindi anayemuuzia mama vidonge vya presha, hakuigusa rafu. Aliuliza nimetumia siku ngapi. Nikampa daftari, kwa fahari kidogo.

“Mashallah, hati nzuri,” alisema. “Na karatasi ya dawa umeisoma?”

Sikuwa nimeisoma. Ilikuwa mkobani, ndani ya kofia. Nilikuwa nimeikunja humo ili kofia isinywee. Nilipoichomoa alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja: isizidi siku tatu.

Alinieleza kwamba dawa hii huibana mishipa ya jicho, na ikibanwa siku nyingi, dawa ikiisha nguvu hutanuka kuliko awali. “Binti, hilo jicho halilii uzi tena. Lalilia dawa.”

Aliniuliza kama yaniuma, kama naona ukungu, kama navaa lenzi, kama nina presha ya macho. Hapana. Ncha ya chupa imegusa kope? Nikakiri kwamba naigusisha kila mara, tone litue katikati kabisa. Akaniambia chupa hiyo niitupe, na wekundu usipoanza kupungua kwa siku mbili, au nikianza kuumwa, niende kwa daktari wa macho bila kungoja.

Nilimwambia mama yote. Aliuinua uso wangu kuelekea dirishani, akayakagua macho moja moja.

“Nami nilidhani wamlilia kakako,” alisema. Kisha akaiweka kofia juu ya kabati. “Siku nne. Yakisafika yenyewe, utaimaliza. Yasiposafika, yaenda Bondeni.”

Siku ya pili wekundu ulianza kupungua. Asubuhi ya nne nilikwenda kwenye kioo mikono mitupu. Mishipa ilikuwa myembamba kuliko uzi wowote niliowahi kuutunga sindanoni, imetulia kila mmoja mahali pake, na si mimi niliyeipanga. Nilitazama mpaka mama akagonga mlango.

Safu ya mwisho niliishona mchana, nikipumzisha macho kila baada ya matundu kumi. Moja limepinda, upande wa sikio la kulia. Kakangu alioa nalo.