Tarumbeta kwa Mzee Obiero

Eliakim Obiero alikuwa Mjaluo wa Karachuonyo, na kama si vita vya Hitla asingeijua tarumbeta hata kwa ndoto. Vita vilipokwisha, vyombo vya bendi moja ya jeshi iliyovunjwa vilikosa mwenyewe, vikazungushwa huku na huku, mwisho vikatua katika shule ya sekondari ya bweni upande wa Mosocho, vikiwa vimefungwa kwa magunia ya kahawa. Ngoma kubwa ilikuwa imetoboka. Matoazi yalikuwa mawili, lakini hayakuwa ndugu. Tarumbeta zilikuwa tano, na katika hizo tano iliyokuwa nzima ni moja tu.

Pamoja na vyombo alikuja Mwalimu Manasseh Mogire, Mgusii wa Nyamira, ambaye alikuwa amepiga bendi jeshini mpaka Burma na kurudi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, asiyejua kusifu. Aliwapanga wavulana uwanjani, akawakagua midomo mmoja mmoja kama mtu anayenunua ng'ombe, akampa kila mmoja chombo alichoona kinamfaa. Eliakim alipopewa ile tarumbeta nzima, wenzake walinuna. Walinuna mpaka walipomsikia akipiga, basi wakanyamaza.

Tuseme kweli, mwaka wa kwanza bendi ile ilikuwa aibu tupu. Waadventista wa Nyanchwa walidai kwamba upepo ukivuma vibaya siku ya Sabato, kelele zile ziliwafikia kanisani wakakosea nyimbo zao wenyewe. Mwaka wa pili mambo yalibadilika, na aliyeyabadilisha ni Eliakim. Wengine walipuliza, yeye akapiga. Wimbo wa kanisani ambao watu wameuimba mpaka umechakaa, yeye akiupiga, wapishi walitoka jikoni wakasimama mlangoni na miko mkononi.

Rafiki yake alikuwa Angwenyi, kijana wa Mosocho penyewe, aliyepiga tarumbeta ya pili. Angwenyi hakuwa na wivu, na hilo si jambo la kawaida katika bendi. Alikuwa akimwita ndugu kwa Kijaluo, akimwambia, "Omera, mimi niko nyuma yako tu. Wewe ukipotea, mimi pia nimepotea."

Basi siku moja Mwalimu Mogire akatangaza kwamba afisa wa bendi ya polisi atakuja kutoka Nairobi kuwasikiliza, na atachukua kijana mmoja akafanywe mpiga tarumbeta wa kazi, mwenye yunifomu na mshahara. Hakumtaja mtu. Baada ya mazoezi alimwita Eliakim pembeni.

"Wewe Eliakim, hiyo mdomo yako chunga kabisa. Mpira usicheze. Kupigana usipigane. Meno ya mbele ndio inashika tarumbeta, ikianguka hata moja, kwisha. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Usiku alikuwa akilala chali asije akajigonga ukutani.

Likizo ilipofika aliruhusiwa kwenda na tarumbeta nyumbani, akaifunga kwa blanketi lake. Sasa huko nyumbani kulikuwa na Mzee Obiero, baba yake. Mzee huyu hakuwa mtu wa kanisa. Ujanani alikuwa mpiga pembe, wa zile pembe ndefu zinazopigwa wazee wakubwa wanapozikwa, na hakukuwa na mji wa maana kando ya ziwa ambao haukuwahi kumwita. Jioni moja Eliakim alisimama uani akapiga wimbo wake wa kanisani, beti zote tatu, kwa moyo wake wote. Mzee Obiero alikuwa akichonga mpini wa jembe. Aliendelea kuchonga. Wimbo ulipokwisha alikung'uta vumbi magotini, akaingia ndani kulala.

Wazee wa siku zile hawakumsifu mtoto usoni, kila mtu alijua hivyo, hata Eliakim alijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuumia ni kingine. Aliumia. Alirudi shuleni akiamini kwamba baba yake anaidharau tarumbeta, na pengine anamdharau na yeye aliyeishika.

Siku za afisa kuja zilikuwa zinakaribia wakati Ouma, kaka mkubwa wa Mzee Obiero, alipotokea shuleni, miguu imejaa vumbi la safari.

"Baba yako anakuita," akasema. "Hali yake si nzuri. Chukua vitu vyako twende."

Eliakim akachukua vitu vyake, na tarumbeta ikiwamo, kwa sababu hakutaka kuiacha mikononi mwa watu. Wakashuka njia ya Oyugis. Walipokwisha kuyaacha makazi ya Wagusii nyuma yao, Ouma akasema kilichokuwa rohoni mwake.

"Wewe ndiye kifungua mimba wake. Anakuita umzike. Utamzikaje na meno yote kinywani kama mtoto mdogo? Wa rika lako walishang'olewa wote. Ni wewe tu umebaki, unajificha shuleni."

"Baba amesema hivyo?"

"Mambo mengine hayahitaji kusemwa. Nimezaliwa naye, namjua."

Eliakim alijua desturi yenyewe: meno sita ya chini, ya mbele, yanang'olewa, nawe unahesabiwa mtu mzima. Alijua pia alichoambiwa na Mwalimu Mogire. Angeweza kukataa. Vijana wengi wa misheni walikuwa wakikataa siku hizo, na hakuna aliyewashika kwa nguvu. Ouma mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampenda ndugu yake na alitaka azikwe kwa heshima, basi.

Lakini njia ilikuwa ndefu, na Eliakim aliitembea yote akipima. Upande mmoja kulikuwa na Nairobi. Upande wa pili kulikuwa na mzee anayekufa, ambaye tangu amzae hajamtazama siku moja akaonekana ameridhika. Eliakim alitaka kutazamwa hivyo, japo mara moja. Ni hilo tu. Mtu akisema alikuwa mjinga, na aseme, lakini awe kwanza amewahi kuwa mtoto wa baba mkimya.

Wakapitia kwa fundi wa meno kabla ya kufika nyumbani, ili aingie kwa baba yake akiwa tayari ni mwanamume. Eliakim alilala chini mwenyewe. Ouma alimshika kichwa kwa upole, na kazi ikafanyika.

Alipoingia nyumbani mama yake, Adoyo, alikuwa ameketi kando ya mgonjwa. Mzee Obiero alikuwa amebaki mifupa, lakini akili yake ilikuwa timamu.

"Umekuja nayo?" mzee akauliza.

Eliakim hakuelewa. Alikuwa amefunika kinywa kwa kitambaa.

"Ile pembe yako ya shule," mzee akasema. "Nilimwambia Ouma akuite. Nimewapulizia watu wengi wakienda kaburini. Nikawa najiuliza, mimi nani atanipulizia? Siku ile uliposimama hapo uani nikajua. Wimbo ule ule. Unipulizie ule."

Huenda yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mwanawe. Eliakim akaondoa kitambaa ajibu, na mzee akaona. Alitazama kwa muda mrefu. Yeye alikuwa mpiga pembe, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani alikuambia nataka hayo?"

Ouma alikuwa amesimama mlangoni. "Nilidhani, ndugu yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanguka. "Nilidhani ndicho unachotaka."

Mzee Obiero hakumkaripia. Aligeuza uso akatazama ukuta. Akakata roho kabla kidonda cha mwanawe hakijapona. Siku ya mazishi aliitwa mpiga pembe wa mji wa jirani, akapuliza vizuri, na Eliakim akasimama kando ya kaburi na tarumbeta yake ndani ya blanketi.

Huko shuleni Mwalimu Mogire alimtazama mara moja tu, akaketi juu ya ngoma, kitu ambacho alikuwa amewakataza wote kufanya. Kesho yake alianza kuhangaika. Alifinyanga nta ya nyuki akaijaza kwenye pengo la meno, lakini Eliakim alipopuliza nta ililainika ikateleza. Alichonga kipande cha mti, kikamchubua ufizi. Kila mara mdomo wa chini ulizama ndani, na kilichotoka ni upepo. Mwishowe Eliakim mwenyewe akasema, "Mwalimu, basi," na mwalimu akageuka upande wa pili akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Afisa alikuja, akasikiliza, akamchagua Angwenyi. Angwenyi akasema haendi.

"Hiyo nafasi si yangu. Mimi ni ya pili."

"Nenda," Eliakim akamwambia. "Ukikataa, tutakuwa tumepotea wawili."

Akaenda. Eliakim akamaliza shule, akaajiriwa hapo hapo kufundisha ngoma na kumsaidia Mwalimu Mogire. Wavulana wa tarumbeta aliwafundisha kwa kuwaimbia, kwa maana kuwaonyesha hakuweza. Alioa, akapanda migomba, akapata watoto. Ouma alipofariki alikwenda kumzika, na hakuna aliyewahi kumsikia akimsema vibaya. Ukimwona sokoni Kisii ungedhani ni mtu asiye na neno. Lakini kila mwaka bendi ilipopiga wimbo ule, alitoka nje, akarudi ukiisha.

Ilikuwa karibu miaka kumi imepita Angwenyi aliporudi kwa likizo, na yunifomu yake, na tarumbeta iliyong'aa. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Omera, nipeleke kwa baba yako. Nataka kumpigia ile wimbo. Hiyo deni ni yetu wawili."

Eliakim alikubali, na njia nzima alikuwa mchangamfu kuliko alivyoonekana kwa miaka. Walimkuta Mama Adoyo ameketi barazani. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa uzee. Walimshika mkono wakamleta kando ya kaburi, na Angwenyi akapiga. Alipiga kama watu wa Nairobi wanavyopiga, safi, bila kutetereka, beti zote tatu. Watoto wa mji walikimbia kuja kutazama. Eliakim alimtazama mama yake, akasubiri.

Mama Adoyo alimgeukia.

"Mshukuru mgeni," akasema. "Amepiga vizuri. Lakini baba yako hakumwita mgeni, mwanangu. Alikuita wewe."

Angwenyi alijua Kijaluo cha kuokota bwenini, kikamtosha kuelewa. Akainamisha kichwa. Eliakim alisimama machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

"Mama, siwezi. Unajua siwezi."

"Najua. Nilikuwepo."

Hakuondoka pale. Eliakim akanyoosha mkono, Angwenyi akampa tarumbeta. Akaiweka mdomoni akapuliza. Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi, na mate kidogo, na mtoto mmoja akacheka akanyamazishwa. Eliakim hakuacha. Aliendelea kutoka mstari wa kwanza, vidole vikibonyeza mahali pake, akivuta pumzi panapovutwa pumzi, akatoka ubeti wa kwanza akaingia wa pili. Angwenyi alivitazama vidole vile akausoma wimbo wote, na hapakuwa na mahali vilipokosea. Akavua kofia yake ya polisi. Mama Adoyo alitega sikio, akasikiliza pumzi za mwanawe mpaka ubeti wa tatu ukaisha.