Mhuri wa Zambarau

Enzi zetu kule Kilosa, nyama isiyo na mhuri wa zambarau haikuingia jikoni. Bwana Afya alifika na baiskeli yake buchani kwa baba, akapasua ini, akachungulia moyo, akabonyezabonyeza tezi za shingoni, kisha pa! akagonga mhuri. Nami nimeganda pembeni, nataka kujua anatafuta nini humo ndani. "Ukikua utajua," ananijibu. Nyumbani tuligombania kipande chenye wino, eti ndicho kitamu.

Sikukuu moja alichelewa. Wateja wamejaa, vikapu mkononi, baba kaenda kuteka maji. Kwa kiherehere changu nikachukua ile dawa ya vidonda ya zambarau, nikachora mhuri pajani mwa ng'ombe. Baba aliporudi akauliza, "Bwana Afya kapita?" Nikaitikia. Akauza.

Familia saba zilishaondoka na nyama Bwana Afya alipotokea, anasukuma baiskeli yenye pancha. Akapasua ulimi, akamwonyesha baba vijipunje vyeupe kama mchele. Minyoo ya tegu! Baba akaviona vidole vyangu vilivyojaa zambarau; nilitamani ardhi inimeze.

"Umechora wewe, utakwenda kusema wewe," baba alisema. "Nyumba zote, kabla hawajala."

Nilikimbia mpaka kifua kikauma. Sita walikuwa bado wanakatakata. Kwa Mama Chiku mishikaki ilishakaa kwenye mkaa, na mwanawe mdogo kashika wa kwanza, bado unachuruzika damu. Nikasema huku nalia. Mama Chiku akampokonya mtoto, kisha akanigeukia: "Na wewe, mwanangu, hujaila?" Baba aliikusanya nyama yote, iliyouzwa na iliyobaki, akaimwagia mafuta ya taa, akaizika. Kesho yake wateja wote saba walirudi kununua kwake.

Juzi, hapa North York, simu ya binti yangu Neema ikalia: nyama ya kusaga tuliyonunua imeondolewa sokoni, ina vijidudu. Niliusifu sana utaratibu huo, maana hakuna mtoto aliyetimuliwa mbio. Neema akaitupa bila hata kuinua macho kwenye simu. Watoto wa siku hizi wanajua tarehe ya kuharibika maziwa kuliko siku aliyozaliwa bibi yao.

Mimi nikamkumbuka mzee wa ghorofa ya chini. Tulipishana naye dukani siku tuliyoinunua, kashika pakiti kama yetu, na simu yake ni ya kupigia tu. Nilipoinuka kwenda kumwonya, Neema akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hata jina la mzee huyo silijui.

Ni kweli. Kule Kilosa niliingia nyumba saba nikiita kila mama kwa jina la mwanawe. Hapa nilibisha mara tatu, nikasikia anajikokota kuja kufungua, na sikujua nimwite nani.