Shangazi wa Dunia ya Pili

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Jumamosi hii nilitoka kwenda harusi ya kijana wa kaka yangu, hapa Gisenyi, nikisoma njiani riwaya tamu ya mtu aliyeingia dunia inayofanana na yake. Utamu ulinizidi. Niliwafuata tu wanawake waliovaa kitenge cha sare kama changu, nikaingia nao ukumbini, nikaketi, nikaendelea kusoma. Alipoitwa shangazi wa bwana harusi, nilirukia kipaza sauti.

“Huyu mutoto nilimubeba mugongoni!”

Bwana harusi alinikodolea macho. Sikumjua hata kidogo. Kumbe niko kwenye harusi ya watu! Akasimama mama mmoja, kitenge hichohicho.

“Shangazi ni mi. We unatoka wapi?”

Nikainua kitabu.

“Dunia ya pili, dada.”