Kalibu Ambayo Sikuipima

Siku yangu ya kwanza katika atelye, karakana ya sanamu mtaani Muhumba, mkubwa wetu, bruda wa misheni tuliyemwita Frère Directeur, alinipa kompa ya mbao, ile bikari ya kupimia, akanikalisha mbele ya mpishi wake na kuniambia nisiamini macho: nipime. Jicho hadi jicho, pua hadi kidevu. Nilipima hata masikio. Tangu siku ile sikumwamini mtu, wala sioni haya kusema hivyo. Ninyi vijana mnaofinyanga kwa kutazama picha ya simu, shauri yenu.

Kazi yetu ilikuwa sura za watu: wafanyabiashara, machifu, mapadri. Unafinyanga kwa udongo wa Mudaka, unaufunika kwa platre, ule unga mweupe unaoganda ukitiwa maji. Ukikauka unapata kalibu, ganda lenye uso kwa ndani, na humo tunamimina simenti. Sura ikishatoka, kalibu inavunjwa mbele ya mwenye uso. Hiyo ilikuwa sheria. Nani angekubali uso wake ubaki kwa watu, umiminwe tena, upelekwe kwa mchawi?

Baadaye nilihamishiwa Kadutu, chini ya shefu, msimamizi wa atelye ya huko, aliyekuwa mpole, mpole kupita kiasi. Upole ule haukuniingia akilini. Alikuwa na kabati lenye kufuli, ufunguo shingoni. Siku moja alipolifungua nilichungulia, nikaona kalibu ndani ya gunia. Nikasema moyoni, ahaa, huyu anauza nyuso za watu.

Nilimvizia miezi mingi. Siku alipousahau ufunguo kando ya karai, mfanyabiashara mmoja alikuwa amekuja kushuhudia kalibu yake ikivunjwa. Nilitoa lile gunia, nikamwambia atazame jinsi nyuso za watu zinavyofichwa, nikalibamiza sakafuni mbele ya wafanyakazi wote.

Shefu aliingia akitoka kunawa. Alipiga magoti, akaanza kuokota vipande.

"Ilikuwa ya mutoto wangu," alisema. "Nilimuchukua sura siku alikufa. Sikukuwa na nguvu ya kumimina."

Kalibu ile ilikuwa ndogo, ya kuenea viganja viwili. Mimi niliyepima masikio ya mpishi sikuipima. Niliona aibu, na ninaiona hadi leo.

Nilimwomba vipande, akanipa. Nimestaafu sasa, bado nafunga mlango mara mbili, bado namtilia shaka kila anayebisha hodi. Lakini vile vipande nilivigandisha kimoja kimoja, nikamimina. Uso wa mtoto ukatoka, paji, macho, mdomo. Kidevu tu ndicho kilichokuwa kimesagika kuwa unga.

Mwaka jana niliibeba sura ile kwenye kikapu, pamoja na udongo mbichi, nikapanda vijia vya Kadutu hadi kwa shefu. Ni mzee kuliko mimi. Nilimwomba anielekeze kidevu kilivyokuwa, nikimalizie palepale mbele yake.

Aliupapasa ule uso kwa kidole, akashuka hadi chini ya mdomo, kidole kikaishia hapo.

"Nilisha kusahau, Murhula," alisema. "Ndiyo maana nilifanyaka ile kalibu."