Vipele Visivyowasha

Sisi wanawake wa mwani hapa Micheweni ngozi zetu hazisifiwi na mtu. Chumvi, jua, kamba, na vidudu vya baharini. Kila mmoja wetu ana vipele mahali fulani. Kwa hiyo mdogo wangu alipotokwa na vinundu kifuani na mapajani, sikushtuka hata kidogo. "Mwani huo," nikamwambia. "Paka mafuta ya nazi twende kazini, maji yatajaa."

"Lakini dada, haviwashi."

Nilimsikia vizuri, siwezi kujisingizia uziwi. Vilikuwa vigumu ukivibonyeza, rangi yake kama doa la zambarau kwenye kanga. Havikumuuma. Alichoka tu. Wenzake tukifunga mbegu za mwani kwenye kamba, yeye kakaa mchangani anahema. Nikamsema mbele ya watu kwamba siku hizi kazi anaiogopa. Wakacheka. Naye akacheka, maskini.

Zahanati wakampa dawa ya kupaka, haikufua dafu. Ndipo majirani wakaanza: damu chafu hiyo, mtoeni. Na nani aliyelibeba neno hilo mbio? Mimi. Kwetu damu chafu hutolewa kwa chuku, mgongo unachanjwa na damu inavutwa kwa pembe. Mimi nimepigwa chuku mara nyingi na nikapata nafuu. Nikampeleka kwa bibi mmoja anayejua kazi hiyo. Mdogo wangu alipouona wembe akasema hataki, anaogopa. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia asinitie aibu.

Damu ya chuku huganda kabla hujamaliza kikombe cha chai. Yake haikuganda. Tulimfunga kanga ya kwanza, ikalowa, tukamfunga ya pili. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia, bado inachuruzika, nyepesi kama maji ya rangi. Bibi akawa hanitazami tena usoni. Nikatafuta gari tukakimbilia hospitali, na huko wakatupeleka Dar es Salaam.

Saratani ya damu, ile ya kasi. Daktari aliyetueleza alikuwa kijana mpole, na upole wake niliuchukia. Alisema kuna wagonjwa ambao ugonjwa huu huwatokea kwenye ngozi kwanza, kabla ya dalili nyingine. Kisha akaniuliza, "Vile vinundu vilikuwa vinamwasha?"

Nikajibu sijui. Mdogo wangu alikuwa amelala palepale, macho wazi, ananisikia. Hakunisahihisha.

Tulimzika kabla ya Ramadhani. Siku ya hitma yule bibi wa chuku alikuja, akakaa karibu na mlango, na hakuna aliyemsogezea sahani. Mpaka leo wanawake wanamsema kwamba yeye ndiye aliyemmaliza, wanasema huku tunafunga mbegu, na mimi nafunga kamba yangu kimya. Hawajui kwamba mdogo wangu alikataa. Hawajui nani alimshika mikono.