Kelele Zilizotimua Ng'ombe wa Mahari

Chekeni kwanza mmalize ndipo niendelee, maana hata mke wangu Kabula akiniona navaa kanzu anaficha mdomo kwa kitenge, na kule kwao Choma sidhani kama kuna asiyejua jinsi mkwe wa Mzee Masanja alivyotimua ng'ombe wa mahari ya shemeji yake mwenyewe.

Mimi ni fundi viatu hapa Tabora mjini, na sisi watu wa huku tunajua taarab, tunajua dansi, basi. Sasa Saidi, fundi redio ambaye kibanda chake kinapakana na changu, alikuta kanda ndani ya redio kuukuu aliyoletewa, akainakili kwenye flashi akanipa. Mwenye redio alikuwa amemwambia kuwa hiyo ni albamu ya roki ya vijana fulani wa Ulaya, waliirekodi wenyewe chumbani kabla mimi na Saidi hatujazaliwa, redio za kwao zikaikataa, maduka yakaikataa, lakini watu wameendelea kupeana mkono kwa mkono mpaka leo.

"Sikiliza," Saidi akasema, "halafu uniambie watu wanatafuta nini humo."

Mara ya kwanza nilidhani mabati yanaporomoka kutoka kwenye lori, nikazima. Baada ya kula mchana nikawasha tena (msiniulize kwa nini), ndipo nikasikia kwamba chini ya zile kelele kuna gitaa linarudia sauti zilezile chache, kama mtu anayegonga mlango akijua wenyewe wamo ndani. Mwimbaji hajui kuimba, kuna mahali anakohoa katikati ya wimbo na hawakuhangaika kuondoa kikohozi hicho, na mimi nikajikuta nashona soli huku nakisubiri. Nikaanza kujiuliza: ni mimi tu nimeharibika masikio, au humo mna kitu kinachomshika mtu yeyote?

Basi ikafika siku ya kupokea ng'ombe wa mahari ya Milembe, mdogo wake Kabula, na mimi ndiye mwenye spika kubwa kwenye familia, kwa hiyo muziki ukawa wangu. Baba mkwe hajawahi kuelewa binti yake alimpendea nini fundi viatu asiye na hata ndama, na siku hiyo nilitaka anione mtu wa maana, nimepiga kanzu nyeupe, kofia imekaa sawasawa. Wageni wako chini ya turubai, upande wa bwana harusi bado haujafika, watu wanapiga miayo. Nikajiambia niweke wimbo mmoja tu, ule unaoanza taratibu, niwatazame nyuso. Gitaa likaanza, hakuna aliyegeuka. Nikaongeza sauti. Wapi! Nikaongeza tena (kosa lenyewe ndilo hilo), nikijua nitashusha kabla ngoma hazijaingia.

"Mkwilima!" Baba mkwe huyo, ananiita mkwe kwa Kisukuma, na kwa ukwe wa kule ukiitwa huendi kwanza kwenye spika. Nikaenda, nikachuchumaa mbele yake, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tabora hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Mvua?"

"Zinajitahidi."

"Na mama, miguu imeachia?"

Huku najibu, masikio yangu yako kwenye gitaa, nasikia linavyosogelea pale penyewe, na kwa pembe ya jicho naona ng'ombe wanaingia uani, wanene, wametulia, wajomba wa bwana harusi wako nyuma na fimbo zao.

"Baba, samahani kidogo—"

"Subiri, sijamaliza kukusalimia."

Ngoma zikaingia.

Jamani. Fahali wa mbele aliruka kama amemwagiwa maji ya moto, wenzake wakamfuata, mmoja akapita katikati ya turubai na nguzo yake, turubai likawashukia wageni pamoja na baba mkwe, na mimi nikakimbilia spika, nikajikwaa kwenye waya, kanzu ikanasa kwenye nguzo ikachanika kutoka gotini mpaka kiunoni (ndani nilikuwa na bukta ya kuchezea mpira, nashukuru Mungu). Sikusimama kuzima. Nikatimua mbio na wale wajomba kuelekea majaruba ya mpunga, kanzu inapepea kama bendera, na spika kule nyuma inaendelea kutufokea, wimbo hadi wimbo, mpaka tulipowakusanya ng'ombe wote.

Niliporudi, Milembe alikuwa analia, na hilo liliniuma kuliko kanzu. Baba mkwe alikuwa ameketi, vumbi limejaa kwenye nyusi.

"Hao watu wana ugomvi na nani?" akaniuliza.

"Sijui, baba. Ndicho nilichokuwa nataka kujua."

Akajipangusa nyusi kwa kiganja. "Kawaombe radhi wageni. Mmoja mmoja."

Nikazunguka nimeshikilia kanzu yangu kwa mkono. Mjomba wa bwana harusi akanikemea vizuri sana, kisha akashusha sauti: "Yule anayekohoa, alipona?" Bibi mmoja akasema kelele zile zimemkumbusha wasichana wakitwanga huku wamemkasirikia mama yao. Vijana hata radhi hawakuitaka, walitaka niwarushie kwenye simu. Hata Milembe, macho bado mekundu, akaniambia nimpe, ila nisimwambie baba.

Ng'ombe walipokelewa, Milembe akaolewa. Mwezi uliofuata baba mkwe akampigia Kabula simu, nikasikia anasema, "Mwambie mumeo vijana wanachunga na zile kelele zake mchana kutwa, na mimi sasa naamka nimezishika kichwani." Kisha akakata bila kuniulizia hali.

Saidi bado anadai jibu lake, nami namwambia akamwulize baba mkwe. Ninachojua ni kwamba spika yangu haitakanyaga tena ukweni, na ikibidi ikanyage, nitaikalia juu.